Amani kwa Yohana

Mkolani, Mwanza
3 Julai 1994

Mpendwa Selina,

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametukataza kuanza barua kwa "hofu na mashaka ni juu yako." Anasema tunaandika kama watu waliofiwa. Kwa hiyo naanza na meli.

Kutoka Nansio ilijaa machungwa hata hapakuwa na pa kuweka mguu. Nilikaa juu ya gunia la mama mmoja. Akaniambia, "Kaa tu, mwanangu, ila usiyakamue." Nilijifanya mwepesi safari nzima, na nilipofika Mwanza mapaja yalikuwa yamekufa ganzi. Baba alinipokea bandarini. Ana furaha, cherehani yake ina kazi tena. Unakumbuka alivyosema mitumba imemmaliza? Sasa watu wananunua suruali za Ulaya zinazowatosha wawili wawili, kisha wanamletea azipunguze. Anasema riziki imerudi, ila imekuja kubwa mno kiunoni.

Kwa vipande vilivyobaki amemshonea mdogo wako Yohana kofia ndogo ya bluu. Nimeifunga pamoja na barua hii. Mvalishe, kisha uniambie kama anafanana na Padri au na Shehe.

Selina, tangu baba yako alipohamishwa kutoka Butimba kwenda kufundisha huko, dawati letu nimekuwa nikiliona kwenye ndoto, hasa ule upande wako uliouchora. Likizo hii nimelipwa yote. Sitasahau siku Bibi Paskazia alipomtoa Yohana nje, mtoto wa wiki moja, akatuambia kwa nini kapewa jina hilo: kazaliwa siku ya sikukuu ya Yohana, mwana wa Zakaria. Alivyosimulia wale wazee wawili waliopata mtoto wakati hakuna aliyetegemea, nilitaka aanze tena.

Nina habari nyingine. Bi Mboni, mwalimu wetu wa madrasa, amenichagua nizungumze kwenye Maulidi ya hapa Mkolani, Jumamosi ya tarehe 20 Agosti. Mada ni umuhimu wa kuamini mitume. Njoo unisikilize. Mwombe baba, na mwombe Bibi. Na Desemba nije tena, kama mlivyosema.

Juzi tulisoma habari ya Nabii Yunus, ambaye nyinyi mnamwita Yona. Mdogo wangu akauliza kama samaki aliyemmeza alikuwa sangara. Bi Mboni akasema hatukuambiwa aina yake. Mdogo wangu akasema, "Basi ni sangara. Sato hana mdomo huo."

Rafiki yako,
Fadhila Lukman


Nansio, Ukerewe
14 Julai 1994

Fadhila,

Barua imefika na kofia imefika. Mwambie baba asante.

Hatujambo. Yohana alipata homa ulipoondoka. Zahanati walimpa dawa, na sasa ananyonya vizuri. Kuhusu Desemba, tutakuwa na wageni, sidhani kama nafasi itapatikana. Siku ya Maulidi sitaweza, nitakuwa na kazi za nyumbani.

Nakutakia mazungumzo mema. Mama anakusalimu.

Selina Nestory


Mkolani, Mwanza
22 Julai 1994

Mpendwa Selina,

Namshukuru Mungu kwa Yohana. Ningejua ana homa ningemwombea.

Barua yako nimeisoma kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Hukuucheka mdomo wa sato. Hukusema kofia inamtosha au haimtoshi. Mama ananisalimu, lakini Bibi hanisalimu, naye ndiye aliyenifungia samaki wakavu kwenye jani la mgomba siku naondoka. Na hao wageni wa Desemba hawana majina. Wewe, ambaye ukialikwa harusi unanitajia hadi mpika chai?

Nimefikiri nilikosa wapi. Sidhani ni chakula, maana baba yako alimwita jirani Mwislamu amchinje kuku ili nami nile, nami nikala hadi aibu. Labda ni ile redio. Bibi alipoifunika kanga kabla ya kumsema jirani, akidai kwamba inatusikiliza, nilicheka sana. Kama ni hilo, mwambie sikumcheka yeye. Niliicheka redio ikiwa imevaa kanga. Ilionekana kama mama mkwe.

Huku nako si kuzuri sana. Nilimpelekea Bi Mboni mazungumzo yangu. Nimeandika kwamba kuamini mitume ni nguzo ya nne kati ya nguzo sita za imani, kwamba walituletea amri za Mungu, kwamba ni mfano kwetu. Akasoma yote huku anatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akanirudishia. "Yote ni kweli," akasema. "Lakini umetaja faida tu, hukumtaja hata mtu mmoja. Mitume ni watu, Fadhila. Walikula chakula na walitembea sokoni. Mungu angeweza kutuletea malaika, nasi tungesema: huyo ana mabawa, sisi tutawezaje? Rudi ukamtafute unayempenda."

Nimekaa na karatasi tangu jana. Ninayempenda haniandikii vizuri, basi naye nimtafute wapi? Samahani, huo ni utani mbaya. Nilikuwa nakusema wewe.

Niambie ukweli hata kama unachoma.

Fadhila


Nansio, Ukerewe
30 Julai 1994

Fadhila wangu,

Nitakuambia, na ukinikasirikia una haki.

Si redio. Bibi mwenyewe aliicheka siku ile, ila alingoja utoke. Ni midomo yako.

Bibi alipotuonyesha Yohana na kutaja jina lake, alikuona unanong'ona. Mama akalitaja jina, ukanong'ona tena. Baba akalitaja, midomo ikaenda tena, na macho yako yapo kwa mtoto. Bibi anasema neno la heri halimezwi. Mtu mwenye heri akimwona mtoto mchanga hulisema mbele ya wote, wote wakasema amina. Mwenye kunong'ona juu ya kitoto kisichojikinga ana lake jambo. Ulipopanda meli, homa ikapanda. Basi, kwake kesi ilikwisha.

Kofia yako ameiweka kwenye ghala la mihogo, amesema hata panya asiivae. Amesema usikanyage tena hapa. Baba anasema ni upuuzi, kwamba homa ya watoto inaletwa na mbu. Lakini anayasema hayo akiwa shuleni. Nyumbani hambishii mama yake.

Sasa lile gumu. Nilinyamaza kwa sababu nami niliiona midomo yako. Siamini kwamba ulimfanyia ubaya. Lakini kila nikitaka kukutetea, Bibi ananiuliza, "Alisema nini?" Tumekaa dawati moja miaka yote hiyo, na kumbe ulikuwa ukifanya hivyo hata darasani, mwenzetu akisoma somo la dini. Sikuwahi kukuuliza.

Ulisema nini, Fadhila?

Selina


Mkolani, Mwanza
6 Agosti 1994

Selina, sikukasirika. Nililia kidogo, kisha nikacheka, na mama akaniuliza kama nami nina homa. Tafadhali msomee Bibi karatasi ya pili yote, polepole, na usiruke kitu kwa kunionea huruma.

F.


Kwa Bibi Paskazia,

Shikamoo, Bibi.

Ni mimi Fadhila, binti wa fundi Lukman, niliyekula samaki wako hadi ukauliza kama kwetu kuna jiko.

Nimeambiwa uliniona nikinong'ona juu ya mjukuu wako. Uliona sawasawa. Nilisema neno, na nilirudia kila jina lake lilipotajwa. Nalo neno lenyewe ni hili: "Amani iwe juu yake."

Nalisema kwa Kiarabu, kama nilivyofundishwa tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Kwetu likitajwa jina la nabii, anayesikia humwombea amani. Wengi hulisema chini kwa chini, kila mtu peke yake, bila kukatiza mazungumzo. Hata darasani, mwenzetu wa Kikristo akisoma habari za Musa, mimi na wenzangu midomo inakwenda. Nimezoea kiasi kwamba siisikii tena, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuiona asijue ni nini. Ningejua, ningekuambia palepale uani.

Uliposema mtoto ana jina la Yohana mwana wa Zakaria, nilimtambua. Sisi tunamwita Nabii Yahya. Tunaisoma habari yake katika Surat Maryam: baba yake mzee, mifupa imelegea na kichwa kimejaa mvi, anamwomba Mungu kwa sauti ya chini, naye anapewa mwana. Na humo Mungu mwenyewe anamtakia Yahya amani siku aliyozaliwa, siku ya kufa kwake na siku ya kufufuliwa. Bibi, wewe ulikuwa unasimulia habari ileile, mtoto mwenye jina lile amelala mikononi mwako. Midomo ilikwenda yenyewe.

Labda utauliza, mtoto wa Kiislamu ana nini na Yohana? Bibi, sina ruhusa ya kumwacha. Mtu hawi Mwislamu kwa kumwamini Mtume Muhammad peke yake, rehema na amani zimshukie. Ni lazima aamini na waliomtangulia, Nuhu, Ibrahimu, Musa, Daudi, Yahya, Isa, na wengine ambao hatukuambiwa majina yao, amani iwe juu yao wote. Hatuchagui mmoja na kumtupa mwingine, kwa sababu aliyewatuma ni mmoja. Baba hunionyesha kwenye cherehani. Ukikata uzi mahali pamoja na kuuvuta, mshono wote unaachia, hata pale palipokuwa pazuri. Anasema imani ya mtu anayemkataa nabii mmoja ni suruali ya namna hiyo. Siku yoyote itamwaibisha sokoni.

Kuhusu Nabii Isa, nyinyi mnasema zaidi ya tunayosema sisi, na sitajifanya kwamba hapo tuko sawa. Ungenijua ni mwongo. Lakini kumtaja vibaya siwezi, wala yeye, wala mama yake, nikabaki na dini yangu.

Basi ningewezaje kumdhuru mtoto kwa kupitia jina hilo? Ningekuwa naukata uzi wangu mwenyewe.

Kama bado hutaki nije, nitakaa Mkolani, na nitaendelea kumtakia Yohana amani huku huku. Ila naomba kofia itoke ghalani. Baba hana kosa.

Mjukuu wako, ukinikubali,
Fadhila


Nansio, Ukerewe
13 Agosti 1994

Fadhila,

Anayeandika ni Selina lakini anayesema ni mimi, Paskazia. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe.

Marahaba.

Barua yako nimesomewa. Nikamwambia Selina asome tena nione kama itabadilika, maana mtoto huyu akikupenda anaweza kukusomea na yasiyoandikwa. Haikubadilika.

Sasa nijibu. Mimi niliambiwa tangu usichana kwamba nyinyi mnaye mmoja tu, wengine wote mmewaacha. Nani aliniambia sikumbuki, lakini nimelishika miaka mingi. Sasa wewe unaniletea kundi zima la watu wangu, unawataja kama majirani zako. Na Zakaria pia unaye? Na mvi zake? Na mkewe, mama wa Yohana yule, je, mnajua alivyohangaika, au kama kawaida mmemsikia mwanamume tu? Maana uzee wa mume ni mvi, lakini uzee wa mke ni kusemwa kisimani.

Umesema Zakaria aliomba kwa sauti ya chini. Ni kweli. Lakini kumbuka kilichompata, ulimi wake ulifungwa. Siku ile mtoto alipopata jina mzee hakuweza hata kulitamka. Hayo ndiyo mambo ya kunong'ona.

Hiyo amani yako siikatai. Hakuna bibi anayekataa amani ya mjukuu. Nakataa kuimeza. Kama ni neno jema namna hiyo, kwa nini mnalificha kama watu walioiba ndizi? Mimi ningelisikia siku ile, ningeitikia amina, ningekupa na samaki wa pili.

Sitakuomba radhi kwa karatasi. Mtu mzima haombi radhi kwa mkono wa mjukuu.

Na yule samaki si sangara. Sangara ameletwa ziwani juzi tu, mimi nikiwa na watoto tayari. Yona ni wa zamani. Mwambie mdogo wako.

Paskazia

(Fadhila, ni mimi sasa. Ametoka nje. Sijui ameamua nini. Anazunguka ghala. S.)


Mkolani, Mwanza
21 Agosti 1994

Selina wangu,

Kumbe mlijua kwamba Bibi anakuja! Baba yako anasema ulikatazwa kuniandikia, kwamba Bibi alitaka kunikuta jinsi nilivyo. Alinikuta nimeshika sufuria la pilau, na masizi puani.

Nakusimulia kwa utaratibu, kwa sababu ulibaki nyumbani kumsaidia mama na Yohana, na ni haki yako kuona yote.

Uwanja wa madrasa ulikuwa umejaa. Wanaume upande wa barabara, wanawake kwenye mikeka upande wa ukuta, dufu zinapigwa, udi unafuka. Nikamwona baba yako langoni amesimama na koti lake la mitihani, na pembeni yake Bibi, kitenge kipya, rozari shingoni. Watu waligeuka kutazama. Kisha Bi Mboni akaenda akamshika mikono miwili, akasema, "Shikamoo mama, karibu mbele." Bibi akasema, "Marahaba. Hilo pilau ni la kabla au la baada?" Akaambiwa la baada. "Basi huyo mtoto asizungumze sana."

Zamu yangu ilipofika niliikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nilisema, "Nimeulizwa umuhimu wa kuamini mitume. Mwanzo niliandika faida zake, na zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa za mtu yeyote. Sasa nitawaambia nilivyojua." Nikasimulia. Sikumtaja Bibi jina, nilisema tu "bibi mmoja anayempenda mjukuu wake." Bibi akamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ni mimi huyo."

Nikasema, nilikuwa nikiwataja mitume kama ninavyotaja miji ya ramani ambayo sijafika. Mpaka niliponyimwa nyumba ya rafiki yangu kwa ajili ya Nabii Yahya, ndipo nikaona kwamba ni mtu, kwamba namfahamu, na kwamba siko tayari kumwacha ili nipate raha. Nikasema, kuamini mitume ni kumtakia amani mtu ambaye hujawahi kumwona, kwa sababu alivumilia ili ujumbe ukufikie. Na ukishamtakia amani yeye, utaanzaje kumtakia shari jirani anayemwita mtoto wake kwa jina hilo?

Nilipotaja "Nabii Yahya" pale, uwanja mzima ulinong'ona, kama mvua inavyoanza juu ya majani ya migomba. Wewe unajua walichokuwa wakisema.

Bibi akasimama.

Selina, nilidhani anaondoka. Akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Semeni kwa sauti! Mjukuu wangu kanyang'anywa kofia kwa ajili ya minong'ono yenu."

Kisha Bi Mboni, yule yule anayetukataza kucheka madrasa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ukaya wake wa kichwani. Akainua sauti, "Amani iwe juu yake." Wanawake wakaitikia, kisha wanaume, kisha watoto ambao wanapenda jambo lolote la kelele. Bibi akasema "Amina," akakaa.

Basi sikuweza kumaliza kama nilivyopanga. Kila nilipotaja jina, Nuhu, Ibrahimu, Musa, uwanja uliitikia kwa Kiswahili na kwa nguvu, na Bibi na amina yake, tena wakati mwingine alinitangulia. Kwa Yunus mdogo wangu aliitikia peke yake mara mbili. Nilipomtaja Mtume wetu Muhammad, watu wote wakamswalia. Bibi aliinamisha kichwa tu, kama mtu anavyosimama anapopita mzee wa nyumba nyingine. Niliipenda heshima hiyo kwa sababu haikujifanya.

Baada ya pilau alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga. Nilijua ndiyo radhi yenyewe inakuja, nikangoja.

"Umekonda," akasema. "Njoo Desemba."

Baba alimpima kwa macho tu, na asubuhi hii kabla ya meli akampa blauzi. Bibi akamwambia ni ndogo. Baba akamwambia ni yeye aliyeongezeka kwa pilau. Wakaachana wakicheka.

Bi Mboni ameniita leo. Amesema, "Uliyemtafuta umempata." Kisha akasema nisijivune, mwaka ujao ni zamu ya mwingine. Nimejaribu kutojivuna tangu saa nne asubuhi.

Niambie, kofia iko wapi?

Fadhila


Nansio, Ukerewe
29 Agosti 1994

Fadhila wangu,

Iko kichwani. Inanukia mihogo, na imemshuka hadi kwenye nyusi, lakini Bibi amekataa isipunguzwe. Anasema mtoto ataifuata. Hafanani na Padri wala Shehe. Anafanana na baba yako.

Tangu arudi, Bibi amekuwa mwalimu. Mtu akilitaja jina la mtoto akanyamaza, anamtazama mpaka aongeze, "Amani iwe juu yake." Mama anaongeza. Baba anaongeza, hata akiwa na chaki mkononi. Jana mama muuza dagaa alikuja kumwona mtoto, akauliza jina. Bibi akamjibu lote, kwa sauti. Yule mama akasema, "Ni jina refu, lakini zuri."

Nimemuuliza Bibi nikuandikie nini. Amesema nikuambie samaki wanakauka, na kwamba ukifika useme ukiwa bado langoni, ili na jirani asikie.

Dawati hapa sina. Kuna benchi la jikoni. Nimeshachora upande wangu.

Selina